Jina Lako Juu ya Jani

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Baba Kidoti mpenzi,

Mwanao sasa hivi ametoka kukilisha kiatu chako uji. Kile cha kushoto, ulichokiacha chini ya kitanda. Amekiketisha sakafuni, akakifunga kitambaa shingoni, kama kiatu kina shingo, kijiko kimoja kinaingia kwake, kijiko kimoja kinaingia kwenye kiatu. Kiatu kilipokuwa hakimezi akakitisha kwa kidole, "Kula, baba." Nilitaka kucheka, nikajikuta namfuta mdomo huku macho yangu yamejaa. Kiatu nimekiosha, nimekianika dirishani. Analia anakitaka.

Mama mkwe hajambo, ila magoti. Wifi yupo, tena yupo sana. Kwa fundi cherehani kazi ni zilezile, vifungo na mapindo. Fundi amemshonea Kidoti gauni la mabaki ya vitambaa, mistari huku, maua kule, akilivaa anakuwa kama bendera ya nchi ambayo bado haijaamua.

Sasa nije kwenye lililonikalisha. Simu huko haishiki, kwa hiyo ninachokijua ni kile unachokiandika, nami nakisoma mpaka karatasi inachoka. Tangu ulipopanda huko msituni kukusanya majani ni Mtaalamu hivi, Mtaalamu vile. Mtaalamu anajua kila kangaga kwa jina. Mtaalamu hachoki. Mtaalamu amesema hajapata mpanda miti kama wewe. Mimi kichwani nikawa namwona mzee wa watu, kaptula, kikohozi, nikawa nakuombea usimchoke. Jana dereva wa gari la mahitaji kaleta barua yako. Nimempa maji pale mlangoni, akaniambia, shemeji, yule dada ana mapafu ya mbuzi, anapanda mlima hahemi. Nikamuuliza dada yupi. Akasema, si Mtaalamu. Akamaliza maji akaenda zake, hakujua ameniacha nimeshika kikombe tu.

Wifi alikuwa anachambua mchele. Alinitazama, akaendelea kuchambua polepole, kama anayetafuta kijiwe chenye jina langu.

Sina neno na mtu kuwa mwanamke. Hata mimi ni mwanamke. Ninachouliza ni kimoja: kurasa zote zile, wino wote ule, hukupata pa kuliingiza hilo? Nijibu na gari lijalo. Na usianze na makangaga. Anza na hilo.

Wako, kama bado,
Mama Kidoti


Ijumaa, tarehe 16 Agosti

Mke wangu, Mama Kidoti,

Naanza na hilo. Mtaalamu ni mwanamke. Haya, nimelisema na hema halijaanguka. Sikukudanganya, ila sikukuambia, na najua kwako hayo mawili ni pacha. Nilinyamaza kwa sababu nakujua. Unamkumbuka yule muuza nyanya aliyeniongezea nyanya moja? Mpaka leo tunanunua nyanya ng'ambo ya reli.

Huyu ni mtu wa kazi yake. Akinitazama mimi haoni mwanamume, anaona ngazi.

Sasa niruhusu makangaga, maana ndiyo ninayoyaona kutwa. Nilipokuwa huko mjini nakata matawi yanayogusa nyaya za umeme, kangaga kwangu lilikuwa kangaga tu, jani la kando ya mfereji. Huku nimeona aibu. Kuna lenye shina linalozidi paa la nyumba yetu, na shina lote lina manyoya kama mnyama. Kuna lingine dogo kuliko ukucha wa Kidoti, linakaa juu ya jiwe linalotiririka maji, ukipita haraka unadhani ni uchafu. Kuna jembamba kama ile ngozi ya ndani ya kitunguu, ukililaza juu ya barua hii unaweza kuisoma. Jua likilipiga kidogo linajikunja, kwa hiyo haliishi ila penye ukungu. Kuna linalokaa juu ya matawi kama kikapu, linakusanya mvua na majani makavu, na vyura wanalea humo. Kuna linalotembea. Usicheke. Ncha ya jani ikigusa udongo inatoa mizizi, mtoto anaota hapo, naye ananyoosha jani lake mbele, mpaka ukoo mzima umeshuka bonde bila mguu.

Yote hayo hayana ua wala tunda. Mbegu zao ni unga wa kahawia chini ya jani, laini kama poda. Na kadiri unavyopanda mlima yanabadilika, ya chini hayajuani na ya juu, kama watu wa mitaa miwili. Majani yao machanga huzaliwa yamejikunja, kama ngumi ya Kidoti siku ile ulipotoka naye hospitali. Hilo sikuambiwa na Mtaalamu. Nimeliona mwenyewe.

Kazi yangu ni yale ya juu ya miti. Nafunga kamba, napanda, nalikata na mzizi wake, nalishusha kwenye mfuko. Chini wanalilaza kati ya magazeti ya zamani na kulibana kwa vibao viwili mpaka likauke. Nakutumia moja humu ndani, ulione kwa macho yako.

Na huyo fundi, hana watoto wengine wa kuwashonea mabaki? Nauliza tu.

Mumeo,
Baba Kidoti


Jumapili, tarehe 18 Agosti

Baba Kidoti,

Nimelipokea jani. Nusu ya jani. Limekatwa katikati kwa wembe, na pamoja nalo kijikaratasi kilichoandikwa kwa mwandiko usio wako, herufi zote zimelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Wifi kaligeuza, kaligeuza tena, kasema mtu mzima hapewi nusu ya kitu ila nusu ya pili ina mwenyewe. Nikamwambia labda lilikatika njiani. Kasema njiani kuna wembe?

Basi nakuuliza, nusu nyingine anayo nani?

Nisingesema, lakini nitasema. Ni zuri. Vile vidoti vya chini ya jani vimepangwa mistari miwili, hata fundi na futi yake hapangi vifungo vikalingana hivyo. Nilikaa nalo dirishani mpaka sindano ikanikumbusha kazi. Halafu nikakumbuka aliyelikata, nikalirudisha kwenye bahasha.

Fundi unamuuliza nini? Fundi ana wake na wajukuu, na anapiga chafya ukuta unatikisika. Ila nimefurahi umeuliza. Nimeisoma ile sehemu mara nyingi kuliko sehemu ya vyura.

Mwisho wa mwezi unakuja, kama ulivyoahidi. Mama mkwe ameanza kukutangaza kwa majirani, anawaambia mwanangu anashuka. Kidoti anasema "kesho baba," kila siku kwake ni kesho. Nimepanga likizo kwa fundi. Godoro nimelipiga jua.

Ukija uje mzima, si nusu.

Mkeo,
Mama Kidoti


Ijumaa, tarehe 30 Agosti

Mama Kidoti wangu,

Nusu ya pili iko kabatini, imebanwa kati ya magazeti, haina mwenyewe ila kabati. Hivyo ndivyo wanavyofanya kazi hii. Kila jani hugawanywa, kipande kinakaa hapa, kipande kinapelekwa kwenye hifadhi nyingine mbali, ili huku kukiungua kule kubaki. Wewe nilikupa fungu langu, na kile kijikaratasi ni cha jina la jani, kila kipande Mtaalamu hukiandikia. Mwambie wifi yako wembe ulikuwa wa kwangu.

Sasa shika kitu, kaa chini. Nilipanda mti mkubwa ulio ukingoni mwa korongo, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupanda. Chini ya tawi la juu kabisa nikaona kangaga limening'inia kama utepe, ukingo wake una vijino, upande wa chini unang'aa kama jivu la mkaa mzuri. Nikalikata jani moja nikalileta. Mtaalamu alilitazama kwa kioo chake cha kukuzia. Akafunua kitabu, akakifunga. Akafunua kingine. Halafu akaketi kwenye tope, na suruali yake safi, akasema, "Hili halijawahi kuitwa."

Mama Kidoti, vitu vyote nilivyowahi kuvishika mikononi vilikuwa na jina kabla yangu.

Amesema litaitwa kwa jina langu. Si Baba Kidoti. Jina langu. Litaandikwa kitabuni na watu wa mbali watalisoma.

Ila jani nililolishusha lilikuwa changa, chini yake hamna unga. Bila unga wakubwa wa kazi hii hawalikubali kuwa ni jipya. Yapo mengine pale tawini, lazima yangojewe yakomae, na wa kufika tawi lile ni mimi tu. Kwa hiyo kesho gari litafika bila mimi. Nimeandika hili mwishoni kwa sababu ndilo gumu.

Nivumilie kidogo. Nakuletea jina.

Mumeo,
Baba Kidoti


Jumapili, tarehe 1 Septemba

Baba wa mtoto,

Jana Kidoti alivaa lile gauni la bendera akaketi kizingitini tangu asubuhi. Gari lilipofika akakimbia mpaka mlango wa mbele, akamkuta dereva. Akakimbia mlango wa nyuma, akakuta magunia matupu. Akarudi kwangu akasema, "Baba mdogo sana, haonekani." Hiyo ndiyo habari ya nyumbani.

Sasa habari ya jina. Wewe unajua jina lako mimi silitaji. Nimelitaja siku tuliyooana kwa sababu niliulizwa, na nimelitaja siku namzaa Kidoti, nesi akafunga dirisha. Basi. Hata ukiwa upande wa pili wa soko nakuita wewe, au Baba Kidoti. Watu wanadhani ni heshima. Si heshima tu. Nililiweka. Kila mke ana kitu chake alichokiweka, mwingine ana hereni, mwingine ana shamba, mimi nilikuwa na jina lako ninalolisema tukiwa wawili.

Leo mwanamke mwingine amelichukua, analibandika juu ya jani, na dunia nzima italisoma. Mimi nilibeba mimba miezi yote ile, nikatapika mpaka nyongo, nikazaa, ndipo nikakupa kuitwa baba wa mtu. Yeye kaketi kwenye tope mara moja tu, kakuzalia jani, na jani ndilo limerithi jina lenyewe. Nani kakupa zaidi? Usinijibu, najua hesabu zako zitakavyokuja.

Wifi anasema asiyekuwepo na lake halipo. Safari hii nimemkubalia.

Sikiliza vizuri. Gari likishuka tena uwe ndani yake. Usipokuwemo, mimi na Kidoti tunakwenda kwa mama yangu, na hilo jani likupikie, likufulie, likukune mgongo. Sikutishi. Nakujulisha.

Mama Kidoti


Ijumaa, tarehe 13 Septemba

Mke wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta katika afya njema. Mimi ni mzima. Sitaweza kushuka na gari hili kwa sababu za kazi. Nakuomba usiende kwa mama yako. Jani lililokomaa limepatikana na liko salama.

Mbusu Kidoti. Nitakueleza yote nitakapofika.

Mumeo


Jumapili, tarehe 15 Septemba

Kwa yeyote anayesoma,

Naandika hivyo kwa sababu sijui tena barua zangu zinafunguliwa na nani. Kama ni wewe, Baba Kidoti, ukae pembeni kidogo. Kama ni wewe, Dada Mtaalamu, shikamoo. Mwandiko wako umenifikia. Nimeutambua, si ule uliolala kama nyasi zilizokanyagwa? Niliuweka kando ya kile kijikaratasi cha lile jani, herufi kwa herufi, wifi ameshika taa ingawa ilikuwa mchana.

Kwa hiyo tumefika hapo. Jina lake mmeshalichukua, miguu yake inapanda miti yenu, sasa hata barua ya mkewe anaandikiwa. Amekuwa bwana mkubwa, anasema na dada anaandika? Au alikuwa amejilaza, na ninyi mnachekea pamoja sehemu ya "mbusu Kidoti"?

Hata kuigiza hamkuweza. "Natumaini barua hii inakukuta katika afya njema." Mume wangu hajawahi kunitumainia afya njema. Yeye huuliza kama nimekula.

Dereva nimembana. Nimemuuliza, kuna nini huko. Akatazama matairi yake kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. Akasema shemeji mimi ni wa kupeleka na kuleta tu. Mwanamume akianza kuwa mnyenyekevu hivyo, ujue kuna jambo kaapishwa.

Mzigo wetu nimeufunga. Ungekuwa umeshatoka ila mama mkwe ameketi juu yake na amekataa kuinuka, anasema ni magoti. Amekula hapohapo. Kidoti kaona ni mchezo, naye kaketi. Nimeshindwa kuwaburuta wote wawili, basi nimekaa chini nikaandika.

Nina swali moja, na anijibu mwenye kujua: mume wangu bado ni wangu, au nimuinue huyu mama niondoke?

Mama Kidoti


Jumatano, tarehe 18 Septemba

Mdogo wangu Mama Kidoti,

Mimi ndiye Mtaalamu. Mwandiko ni wangu, huo ninaouandika sasa na ule wa Ijumaa. Gari halikupaswa kushuka wiki hii. Nimelituma kwa ajili ya barua hii tu.

Mume wako amevunjika mkono wa kulia na mbavu zimepata nyufa. Alianguka kutoka kwenye ule mti wa korongoni. Kamba ilimshika nusu ya njia, la sivyo ningekuwa naandika barua nyingine. Tabibu wa zahanati ya kijiji cha chini alipanda kwa miguu, akamfunga mkono vizuri, akasema asipandishwe gari kwa barabara hii mpaka mbavu zitulie. Anakula. Anaongea. Usiku anahema kwa shida kidogo, lakini kila siku ni afadhali.

Alituapisha wote, mimi na dereva, tusikuambie. Alisema ukijua utaacha kulala. Barua ile aliniomba niiandike kwa niaba ya mkono wake usioweza. Alisema maneno mengine, mengi, ya kwenu wawili, na mimi ndiye niliyeshindwa kuyaandika. Niliona aibu kuyashika kwa kalamu yangu. Nikaweka yale ya ofisini. Kosa ni langu, na barua ikatoka kama tangazo.

Barua yako ya Jumapili alinipa mwenyewe. Aliisoma, akainyoosha juu ya goti, akasema, "Sasa mjibu wewe, maana nikimjibu mimi kwa mwandiko wako tena, sina ndoa."

Kuna jambo ambalo hakutaka niliseme, lakini wewe umeuliza wazi nami najibu wazi. Siku ile kulikuwa na ukungu na magome yalikuwa yanateleza. Nilimwambia tungoje wiki moja. Akasema akilipata jani hilo siku hiyo, anashuka na gari la Jumamosi, kuna watu wanamngoja kizingitini. Alilipata. Alianguka nalo, ameliweka ndani ya shati, na halikukunjika.

Kuhusu jina. Katika kazi yetu ni aibu mtu kukipa kitu jina lake mwenyewe. Ukikipata kitu kipya, unakipa jina la aliyekufikisha. Mimi nisingelifikia tawi lile hata kwa maisha mawili. Ni desturi ya kazi, kama wewe unavyofunga uzi mwishoni mwa pindo. Lakini sikujua kwamba kwako jina hilo lina kazi nyingine. Bado sijalipeleka. Ukisema lisiandikwe, nitatafuta jingine.

Nikuambie na langu. Nimekaa na makangaga tangu ujana, najua yanayokaa ukungu wa juu na yanayokaa vijito vya chini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunigombeza kwa barua. Gari likifika yeye huchukua yako, huenda nyuma ya hema la vibao vya kubania majani, hurudi akiwa mtu mwingine, mara anacheka, mara hali chakula. Mimi hupokea betri na magazeti. Si mume wako ninayemtamani, mdogo wangu. Ni hilo la kwenda nyuma ya hema.

Kiti cha mbele cha gari kiko wazi. Nimemwambia dereva akungoje.

Dada yako,
Mtaalamu


Alhamisi, tarehe 19 Septemba

Baba Kidoti,

Naandika nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo, dereva anajaza maji kwenye rejeta. Barua hii nitakuja nayo mwenyewe mkononi. Usishangae. Nimeona bora niyaandike haya nikiwa bado nina hasira, maana nikiuona huo mkono najua nitalia, na ugomvi wangu utapotelea hapohapo, na mimi siutaki upotee, nimeulea.

Kwanza, ulianguka ukanificha. Uliponificha Mtaalamu nilikasirika, nikadhani hakuna la kunificha zaidi ya hilo. Kumbe una ghala. Mwili huo ni wako kuupanda miti, lakini ukivunjika ni wangu, na lazima niambiwe.

Pili, barua yangu ya tarehe mosi. Hilo nitalisema mwishoni, kama wewe unavyofanya na magumu.

Hapa nyumbani tangu barua imesomwa hakuna anayetembea, wote wanakimbia. Mama mkwe ameinuka juu ya mzigo bila kushikwa mkono, magoti yamepona yote mawili, kisha akaufungua akatia nguo zako za baridi. Wifi alilia kwanza. Halafu akavua sweta lake, lile la kijani ambalo hata kuligusa haturuhusiwi, akanivika mwenyewe akanifunga vifungo kama mtoto. Akasema huko kuna baridi na kuna wanawake, usiende na hilo gauni lililopauka. Fundi amekataa kunikatalia ruhusa. Alipiga chafya, akasema nenda.

Kidoti anakuja. Nimemwambia baba ana mkono mbovu, asirukie. Amefikiri, akasema basi atarukia mwingine.

Kuanzia leo mkono wako wa kuandikia ni mimi. Sijui utakuwa unamwandikia nani nami nimekaa kando yako, lakini hilo si lako kuuliza. Ukitaka kumwandikia mama, naandika. Ukitaka kuandika vya kwenye vijikaratasi vya majani, naandika, herufi zangu ni kubwa lakini zinasimama. Dada Mtaalamu apumzishe kalamu.

Huyo dada nimemsoma. Nimemsoma mara mbili. Ana adabu, na anaumia, na sasa siwezi hata kumchukia vizuri, jambo ambalo nalo limeniudhi. Nitamsalimia. Nitampa mkono. Nitamwandikia na barua akitaka, nimgombeze mpaka achoke, awe na yake ya kwendea nyuma ya hema. Lakini kuketi kwenu kwenye jiwe moja kutazama jani moja kwa kioo kimoja, hapo nitakuwepo katikati. Usiseme mke wangu amebadilika. Wivu wangu haukubaki nyumbani, tumeupakia.

Jina, liandikwe. Nimelala nalo kichwani kwa muda wote ambao dereva alikuwa anakula, na nimeamua. Umelilipia kwa mbavu, siwezi kukunyang'anya. Ila kabla halijaenda kitabuni, mnipeleke mpaka chini ya mti huo, wewe ukitembea polepole, na mimi nitalitaja. Kwa sauti, mbele ya Mtaalamu na dereva na vyura wote. Wa kwanza kuliita jani hilo kwa jina hilo nitakuwa mimi. Baada ya hapo dunia na isome, itakuwa inarudia tu.

Sasa lile gumu. Hili usimsomee mtu. Ukisikia gari linaguna kwenye kona ya mwisho usitoke mbio, utajitonesha. Kaa hapohapo ndani, mimi nitakuja. Wewe ulipanda mti unaoteleza kwa sababu yangu, kwa sababu nilisema tunaondoka, na mimi siku ile nilipoandika hata begi sikuwa nimelitoa juu ya kabati. Nilitaka tu ushtuke. Sikuwa nakwenda popote, wala sikutaka pa kwenda, Baba Kidoti, nilikuwa tu na

ngoja, dereva amewasha gari, wifi ananiita anasema mtoto keshapanda ameshika usukani. Nakuja, nakuja. Nilikuwa tu na